Mgonjwa Haulizwi Uji

Wazee wetu wametuachia neno kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni bayana kwa yeyote aliyelelewa katika nyumba ya pwani: uji hupikwa, ukatiwa tui na sukari, ukaletwa hadi kitandani, na mgonjwa akiukataa hubembelezwa mpaka aunywe. Huulizi, unaleta. Neno hilo nililibeba tangu utotoni bila ya kulichungua. Aliyenifanya nilichungue alikuwa mbwa, tena mbwa mdogo wa kilo sita, katika mji wa Kasulu, mbali mno na bahari yetu.

Najua msomaji wa kisiwani ameshaguna. Ana haki. Mimi mwenyewe nimekulia mtaa ambao mbwa hutajwa pale tu mtu anapotukanwa, na mtoto akiguswa na pua ya mbwa hukimbizwa bombani. Kwa hiyo nieleze kwanza namna mtu wa Unguja alivyokuja kuwa na mbwa.

Nilifika Kasulu mwaka 2016 kufundisha Kiswahili na kusimamia tafsiri katika shirika moja lililokuwa likiwahudumia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika, na mwaka 2015, Burundi ilipochafuka, ikapokea Warundi kwa maelfu. Nilipanga vyumba viwili katika ua wa mama mmoja wa Kiha, mjane, mwenye wajukuu wanne na sauti iliyokuwa ikitangulia mwili wake kila aendako. Katika chumba cha jirani aliishi muuguzi wa kigeni. Mkataba wake ulipokwisha, alipanda ndege na mbwa wake akabaki. Hati za kumsafirisha hazikukamilika kwa wakati. Aliniomba nikae naye wiki tatu. Wiki tatu hizo hazijaisha.

Alikuwa mbwa mwenye damu ya teria na damu nyingine zisizojulikana, kahawia, manyoya magumu, na sharubu kama za karani wa forodhani wa enzi zile. Jina alilopewa na muuguzi lilikuwa la kwao, halikukaa vinywani mwa watu wa uani. Wajukuu wa mama wakamwita Kokwa, kwa sababu alifanana na kokwa la embe lililofyonzwa mpaka nyuzi zikasimama. Jina likakubali.

Mambo ya twahara nilijipangia mwenyewe. Nilikuwa na nguo zangu za kumshikia na nguo zangu za sala, na chombo alicholamba nilikiosha mara saba kama tulivyofundishwa chuoni, moja kwa udongo. Na udongo wa Kasulu, mwekundu kama mate ya tambuu, hauna uhaba. Kuhusu rehema kwa mnyama huyu sikuhitaji kufundishwa upya. Kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akiramba tope kwa kiu, tulikisikia sote kabla hatujajua kusoma.

Basi ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka 2017, mvua za vuli zimeanza. Jirani alikuwa na arusi. Arusi za Kasulu zina vyakula vyake, lakini kitu kinachonikaa kichwani ni mawese. Michikichi yenyewe hustawi zaidi huko chini, mwambao wa ziwa, kuelekea Ujiji na Kigoma mjini. Mafuta yake hupandishwa milimani kwa madumu, nayo ndiyo yanayoupaka rangi mji mzima: maharage, mboga za majani, ndizi, dagaa. Mtu wa pwani akiyaonja mara ya kwanza husita, mara ya pili hunyamaza, mara ya tatu huuliza yanauzwa wapi. Mama mwenye nyumba alirudi kutoka arusini na sahani iliyofunikwa. Mimi sikuwapo. Akamtazama Kokwa, mbavu zake zinahesabika kama alivyozoea kuwa, akamhurumia. Akammwagia dagaa waliokolea mawese, na juu yake vipande vya mafuta ya mbuzi ambavyo wageni waliviacha kandoni mwa sinia.

Usiku wa manane nikasikia anatapika. Alitapika mara nne kabla ya alfajiri, na mwisho akawa anatoa povu la manjano tu. Kulipopambazuka nilimkuta karibu na mlango wa jiko, miguu ya mbele ameinyoosha chini, kifua kimegusa sakafu, kiuno kiko juu. Hakulala wala hakusimama. Baadaye nilikuja kujua kwamba madaktari wa mifugo wanautambua mkao huo, na katika vitabu vyao wameupa jina lililotoka katika ibada. Nimeona haya kulitumia. Ni mkao wa mnyama anayeumwa tumbo la juu, anayejaribu kulinyoosha ili lipate nafasi.

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki baada ya saa mbili. Kazi yake ya kila siku ni ng'ombe wa pembe ndefu, mbuzi wenye kuharisha, na vita vya milele na kupe. Hata hivyo alichuchumaa, akambonyeza Kokwa chini ya mbavu, naye Kokwa, asiyemng'ata mtu, akageuza kichwa na kuonesha meno. Bwana mifugo akauliza swali moja tu: "Jana alikula nini, Mwalimu?"

Nikaenda kumwita mama. Akaeleza bila ya kuficha, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Bwana mifugo akanyamaza kidogo, kisha akasema inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa maradhi ya kupe, lakini tumbo na sahani vinaelekeza kwenye kongosho. Kipimo cha damu cha kulithibitisha hakikuwapo pale. Alimpigia simu mtaalamu mmoja aliyekuwa mwalimu wake Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wakazungumza kwa muda. Kisha akamtia Kokwa maji chini ya ngozi kwa sindano nene iliyonifanya nitazame pembeni, akamchoma dawa ya kuzuia kutapika na nyingine ya maumivu.

Kongosho ni kiungo kinachoishi kwa kujificha. Limejibanza nyuma ya tumbo, likiegemea mwanzo wa utumbo mwembamba, na watu wengi huishi na kufa bila ya kulitaja. Moja ya kazi zake ni kutoa maji makali ya kumeng'enyea chakula, hasa mafuta. Maji hayo hutoka yakiwa yamelala. Hutakiwa kuamka yakishafika utumboni. Yakiamka mapema, yangali ndani ya kongosho, hulimeng'enya kongosho lenyewe. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na kwa mbwa unaweza kuua katika siku chache. Mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kuuchokoza, hususan kwa mbwa wadogo, ingawa bwana mifugo alinionya kwamba mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Neno hilo la mwisho nililiweka akiba. Nililihitaji siku ile ile.

Kwani mama alinifuata uani, mikono ameifumbata tumboni. "Mwalimu," akasema, "ni mimi?"

Nikamwambia, "Mama, daktari anasema sababu aghalabu haijulikani." Sikusema uongo. Wala sikuisema kweli yote. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa, akaenda zake.

Zamani mbwa mwenye kongosho lililovimba aliwekwa na njaa siku mbili tatu, kwa hoja kwamba kiungo kipumzike. Rai hiyo imegeuka. Utumbo usiopitiwa na chakula hudhoofika, na mgonjwa hupona taratibu zaidi. Siku hizi hushauriwa kwamba kutapika kukishadhibitiwa, apewe chakula mapema, kidogo kidogo, mara nyingi, ila kiwe na mafuta machache mno. Asubuhi ya pili Kokwa alikuwa ameacha kutapika. Bwana mifugo akasema, akiwasha pikipiki, "Sasa dawa yake iko jikoni, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kupika chakula kisicho na mafuta. Sisi tunaojiona mabingwa wa mapishi, ustadi wetu wote umesimama juu ya tui. Tui la kwanza na tui la pili, samli juu ya wali, mafuta ya kukaangia kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu. Hata uji wa mgonjwa hatuutoi bila ya nazi. Mgeni tunayempenda ndiye tunayemwekea kipande chenye mafuta. Na Waha nao, kwa mawese yao, hawako mbali na sisi. Ziwa na bahari havijaonana, lakini vyungu vyao vinafahamiana.

Nikaenda sokoni na karatasi. Sijapata kulitembelea soko la Kasulu kwa makini kama siku ile. Mawese nilipita kando yake. Mtaalamu wa Morogoro alikuwa amenipa hesabu kwa simu ambayo ilinikaa kichwani kama beti: kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya aina yoyote, yawe mawese, nazi au alizeti, kina kalori takriban 120, mbwa wa kilo sita hutosheka na kalori kama 350 kwa siku nzima. Yaani kijiko kimoja ni thuluthi ya siku yake. Nilipofikiria sahani ile ya arusi, nilistaajabu kwamba alikuwa hai.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaosifiwa nchi nzima, wana mafuta yao wenyewe hata kabla ya kukutana na kikaango. Na wakikaushwa, maji hutoka, mafuta yakabaki. Nikawaacha. Mgebuka nilimtamani, lakini waliokuwapo siku hiyo walikuwa wa kukaanga. Udaga, unga wa muhogo ambao ndio ugali wa nyumba nyingi huku, karibu hauna mafuta, jambo jema. Ila karibu hauna kitu kingine pia isipokuwa wanga, na mbwa anayejijenga upya anahitaji nyama. Maharage ya Kasulu, manene, ya njano na mekundu, yangefaa kwa upande wa mafuta, lakini tumbo lililojeruhiwa halistahili kujazwa upepo. Maziwa yalikuwa mabichi na malai yake juu. Mayai, naam, lakini ute tu. Kiini ndicho kinachobeba mafuta.

Ikabaki kuku na mchele. Nikanunua jogoo wa kienyeji aliyekonda kwa kukimbizana na wenzake, na mchele wa bonde. Jogoo nikamchinja, nikamtoa ngozi yote, nikachukua kidari peke yake nikakichemsha kwa maji matupu. Bila kitunguu, bila thomu, kwani vyote viwili ni sumu kwa mbwa, na hilo sikulijua kabla ya juma lile. Bila chumvi. Supu yake nikaiacha dirishani usiku kucha. Kasulu iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya alfajiri iliyakusanya mafuta juu ya maji, nikayaengua kwa kijiko. Wali nikaupika bokoboko katika supu ile. Sehemu mbili za wali kwa sehemu moja ya kidari kilichochambuliwa kama nyuzi za katani.

Mama alikuja kuonja. Alitafuna, akatafakari, akasema, "Hiki ni chakula cha adhabu."

Kokwa naye alikuwa na rai hiyo hiyo. Nilimwekea kijiko kimoja. Akanusa, akanitazama, akageukia ukuta. Hapo uji na methali yake vikanijia. Nilitaka kumbembeleza. Nilitaka kumdondoshea tone la samli, tone tu, lipate kumwita. Mkono ulishakwenda kwenye kopo. Nadhani sijawahi kuwa karibu na kumdhuru kiumbe kwa huruma kama dakika ile, na huruma yenyewe haikuwa na tofauti yoyote na ile iliyomwaga sahani ya arusi. Nikalirudisha kopo. Nikaupasha wali moto kidogo ili harufu ya kuku ipande, nikauweka, nikatoka nje. Niliporudi kijiko kilikuwa kitupu. Kiliosheka, ningesema, lau si mara saba zilizonisubiri.

Siku ya kwanza alikula vijiko sita, kila baada ya saa mbili au tatu. Siku ya tatu vikawa vijiko vitatu kwa mara moja. Juma la pili alikula mara nne kwa siku na kubweka kwa ufidhuli. Mapaja, mabawa, firigisi na ngozi, yaani utamu wote wa kuku, viliwaendea wajukuu wa mama, ambao walianza kuomba waziwazi kwamba mbwa asipone haraka. Na mama, bila ya kuombwa wala kutamka lolote, alikinyakua chungu. Alifajiri siku moja nikamkuta ameshachemsha kidari, ameshaengua mafuta, na anawafukuza wajukuu kwa mwiko: "Hiki si chenu, hiki cha mgonjwa." Alikuwa akipima wali kwa kikombe cha bati, akikisawazisha kwa kidole kama muuza dawa. Hatukulizungumza tena swali lake. Nimewahi kufikiri kwamba lile jibu langu la nusu lilikuwa hisani. Siku hizi naona kwamba alilijua jibu zima tangu mwanzo, na kupika kule kulikuwa ndiko kusema kwake.

Kuna chakula cha mbwa cha viwandani, chenye mafuta machache, kinachotengenezwa kwa ajili ya maradhi haya na kutolewa kwa ushauri wa daktari. Kimepimwa madini na vitamini zake zote. Kasulu hakikuwapo. Mtaalamu wa Morogoro alinitahadharisha kwamba wali na kuku ni daraja, si makazi. Mbwa akikaa juu yake miezi na miezi, mifupa yake itadai chokaa. Nikawa nasaga ganda la yai lililokaushwa, unga laini kama poda, nikimtilia kiasi kidogo sana. Boga na viazi vitamu vikaingia baadaye, kimoja kimoja, kwa vituo vya siku kadhaa, ili kama tumbo likinung'unika nimjue mchochezi.

Mwisho wa Novemba nilihamishiwa Kibondo kwa miezi miwili, katika kazi za kambi ya Nduta, iliyokuwa imefunguliwa upya Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi. Sikuthubutu kumwacha Kokwa, maana ugonjwa huu una tabia ya kurejea. Mama alinifungia chungu kidogo na kikombe cha bati. Njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo inapita Makere, karibu na Nyarugusu, kisha inapanda na kushuka katikati ya miombo. Matope yalikuwa mekundu na gari letu likawa jekundu, na mbwa akatapika mara moja tu, kwa sababu ya kona, jambo lililonitia hofu isiyo na msingi kwa siku nzima.

Nduta ndiko haya iliponipata.

Kipimo kinachotumiwa na mashirika duniani kote kwa mgao wa chakula ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Unga wa mahindi, kunde au maharage, mafuta ya kupikia yaliyotiwa vitamini, chumvi, na uji wa lishe. Mwaka ule wa 2017 fedha za wafadhili zilipungua, mgao ukakatwa, na kalori 2,100 zikabaki katika karatasi. Watu wazima wakawa wanakula mara moja kwa siku. Mimi nilikuwa mkalimani katika vikao vya kuwaeleza watu sababu, na nitasema kwamba Kiswahili changu, ninachokionea fahari, hakikuwa na sentensi iliyofaa.

Katika darasa langu la watu wazima alikuwamo mzee mmoja wa Kirundi, aliyekuwa mwalimu wa shule kwao. Siku moja baada ya kipindi aliniuliza kwa nini ninaondoka mbio saa sita kila siku. Nikamwambia nina mbwa mgonjwa, anakula mara nne. Akauliza, kwa adabu ya mwalimu anayemhoji mwalimu mwenziwe, ni maradhi gani na anakula nini. Nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyoshuka: kidari, ngozi itolewe, mafuta yaenguliwe.

"Kwa hiyo, Mwalimu," akasema, "mbwa wako anayakimbia mafuta, na sisi tunayakimbilia."

Hakusema kwa ukali. Alicheka, hata. Mafuta katika mgao ule yalikuwa ndiyo kitu cha kwanza kubadilishwa na kitu kingine, na kitu cha kwanza kukosekana. Mama akipata kikombe chake alikitia kwa matone kama marashi. Niliwaza kumjibu kwamba kidari cha mbwa wangu hakikutoka katika mgao wa mtu. Ni kweli. Lakini ni ukweli wa karani. Kuanzia siku ile nikawa napika baada ya magharibi, mlango nimeufunga, kikombe cha bati mkononi, nikisawazisha wali kwa kidole. Nusu ya jogoo isiyomfaa Kokwa niliipeleka kwa mzee. Aliipokea kwa mikono miwili, akauliza hali ya mgonjwa, na kila mara alimtaja hivyo: mgonjwa. Sijapata kulitatua jambo hili. Mgao ulipokatwa tena mwaka 2023, nilikuwa nimesharudi Unguja, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kikombe kile.

Sasa nifike kwa mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyenifanya niandike.

Mwezi ule ule wa Desemba, mama alianza kuchomwa insulini. Sukari alikuwa nayo kwa miaka, kwa vidonge. Sasa vidonge vilishindwa. Kila jioni nilimpigia simu kutoka Kibondo, na kila jioni nilikuta kuna mgeni. Dada yake amemletea halua. Jirani amemletea kaimati. Bi mkubwa wa nyumba ya pili amempikia uji wa mgonjwa, na uji wetu msomaji anaujua. Hakuna aliyemtakia baya. Nilipowaka, dada yangu alinijibu, "Sasa tuwarudishe na sahani zao mlangoni?" Mimi niliyekuwa umbali wa siku mbili za safari, nikiengua mafuta kwa ajili ya mbwa, nilikuwa na ulimi gani?

Usiku mmoja nilisoma juu ya insulini ili nipate la kumwambia. Nikakuta ni kongosho lile lile. Hiyo ndiyo kazi yake nyingine: pamoja na yale maji makali, hutoa insulini inayotawala sukari. Mwaka 1869, mwanafunzi wa utabibu mjini Berlin, Paul Langerhans, alikuwa akilichungua kongosho kwa hadubini, akaona vikundi vidogo vya chembe vimetawanyika, kila kimoja peke yake. Hakujua vinafanya nini. Baadaye wenzake walivipa jina lake, vikaitwa visiwa vya Langerhans. Nilisimama hapo kwa muda. Yeye mwenyewe, ajabu, alikwenda kuishi kisiwani, Madeira, kwa sababu ya kifua kikuu, na huko alifariki mwaka 1888.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho ili waone atameng'enyaje mafuta. Mbwa akawa anakojoa ovyo, na mkojo wake ukakutwa na sukari. Ndivyo ilivyojulikana sukari inakotoka. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatoa mbwa kongosho, wakawadunga dawa iliyokamuliwa katika kongosho za mbwa wengine, na sukari ikashuka. Mbwa wengi walikufa katika kazi hiyo. Januari 1922 dawa ya namna hiyo, safari hii kutoka kwa ng'ombe, alichomwa mtoto wa miaka 14 aliyekuwa akifa, Leonard Thompson, naye akaishi miaka mingine kumi na mitatu.

Kokwa alikuwa amelala kwenye gunia lake, pua imefunikwa na mkia. Kongosho likiungua mara kwa mara, visiwa vyake navyo huharibika, na mbwa hupata sukari kama mtu. Wali ule mkavu ulikuwa ukivilinda vyote viwili.

Kesho yake nikampigia mama, nikamsimulia yote, Berlin hadi Toronto. Nilitaraji astaghafiru. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake katika simu.

"Kumbe mbwa," akasema. Kisha: "Na huyo wako, hajambo?"

"Hajambo, mama. Anapata nafuu."

"Anakula nini?"

Nikamwambia: wali, na kidari cha kuku kisicho na ngozi, mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Hana mafuta, hana chumvi, hana kitu cha mgeni.

Akanyamaza. Nilisikia muadhini wa kwetu kwa mbali, ndani ya simu.

"Wali kapewa yeye," akasema mama, "mimi nimepunguziwa." Akacheka, akakohoa. "Kuku asiye na ngozi, hapo tumeshirikiana. Ameleta mtu halua leo. Nimeipokea, nimemshukuru, nimewapa watoto."

Kisha akaniuliza kama mvua zimepungua huko Kibondo, na kama nina shuka nzito.